Jinsi ya kupanda na waini yako kwenye kruzi mbili za mfululizo

Watu wakishabuku kruzi mbili, yani safari za meli ya kitalii, za kufuatana kwenye meli ileile, swali linalowasumbua mapema ni hili la waini: ile ruhusa ya kila mtu mzima kupanda melini na chupa yake moja ni ya safari nzima au kila kruzi inahesabiwa kivyake? Kampuni nyingi zinahesabu kila kruzi kivyake, hata kama umebaki kebini ileile na nguo zako hazijatoka kabatini, kwa sababu kwenye kompyuta yao una buking mbili zenye namba mbili tofauti. Kwa hiyo ruhusa unayo mara mbili. Ugumu uko kwenye utekelezaji, maana ruhusa yenyewe imefungwa kwenye siku ya kupanda, na ile siku ya katikati, ambayo kruzi ya kwanza inaisha asubuhi na ya pili inaanza mchana, ndo siku inayoamua kama utakuwa na waini yako wiki ya pili au utabaki unanunua glasi moja moja baa. Hiyo siku nitaiita siku ya kugeuza na humu nitaisemea sana.

Nitachukulia Florida kama mfano, yani Miami, Fort Lauderdale na Port Canaveral, sababu huko ndo kruzi nyingi za Caribbean zinaanzia na watu wanapenda kuunga mbili, wiki moja Caribbean ya mashariki, wiki inayofuata ya magharibi, meli ileile.

Kwanza ujue kampuni yako inasemaje

Royal Caribbean wanaruhusu chupa moja ya mililita 750, waini au shampeni, kwa kila aliyefikisha umri wa kunywa, na ni siku ya kupanda tu. Carnival ni hivyohivyo, chupa moja ya 750 kwa kila mwenye miaka 21 kwenda juu, na wao wanasisitiza iwe kwenye begi la mkononi. Princess na Holland America wanakupa chupa moja bure kwa kila mtu mzima, alafu ukitaka kuongeza ruksa ila kila chupa ya ziada unailipia dola 20 palepale unapopanda. Norwegian hawana kikomo cha idadi lakini hakuna ya bure hata moja, kila chupa ya 750 unalipa dola 15 na ile kubwa ya lita moja na nusu dola 30, na waini ya boksi hawataki kuiona. Disney ndo wakarimu kuliko wote niliowataja mpaka hapa, kila mwenye miaka 21 anaingia na chupa mbili za waini au bia sita, na hiyo ni mwanzo wa safari na tena kila bandari meli inaposimama. Viking wanakuacha uingie na chupa zako na hawatozi kitu. MSC hawaruhusu kabisa, ukija nayo wanaichukua, kwa hiyo kama umebuku MSC mwongozo huu hautakusaidia sana, panga bajeti ya vinywaji vyao tu.

Kuna na pesa inaitwa kokeji, ni ile wanayokutoza kwa kunywa chupa yako mezani kwao, wakufungulie, wakuletee glasi na ndoo ya barafu. Kwa Royal Caribbean na Carnival ni dola 15 kwa chupa, na kwa kawaida inakuhusu ukiipeleka chupa kwenye mgahawa au sehemu za watu wote, ukinywea kebini kwako hakuna anayekudai. Kwa Princess na Holland America ile chupa ya bure ukiipeleka mgahawani utalipia, ila zile za ziada ulizolipia mlangoni zinawekewa alama na hutozwi tena. Bei hizi zinapandishwa mara kwa mara bila kelele, kwa hiyo wiki moja kabla ya safari fungua ukurasa wa kampuni wa sheria za pombe, usome mwenyewe, uupige picha ya skrini ukiwa na tarehe. Hiyo picha itakufaa mbele.

Na kwa nini mtu ahangaike na chupa mbili tatu? Piga hesabu. Chupa ya 750 ni glasi tano za kawaida. Mke na mume kwenye kruzi mbili za wiki moja moja wanapata chupa nne kihalali, yani glasi ishirini. Ukinunua glasi ya dola 12 kwenye meli, juu yake wanaweka asilimia 18 au 20 ya huduma, inafika dola 14 na kitu. Glasi ishirini hapo ni karibu dola 290, wakati chupa nne nzuri tu dukani unazipata kwa dola 60. Kile kifurushi cha vinywaji, unacholipia mara moja ukanywa safari nzima, nacho kinauzwa kwa kila kruzi peke yake, unakinunua mara mbili, na kampuni kama Royal Caribbean na Carnival zinataka mtu mzima mmoja akikinunua basi watu wazima wote wa kebini hiyo wakinunue. Sasa mtu ambaye anakunywa glasi moja ya jioni na chakula, na mwenzie hanywi, kifurushi kwao ni hasara ya wazi kabisa. Kwa watu wa aina hiyo chupa yako mwenyewe ndo jibu, na ndo hao hasa nawaandikia.

Mambo mawili ya kuangalia hata kabla ya waini

La kwanza ni viza. Siku ya kugeuza ukiwa Marekani unashuka, unapita uhamiaji, unahesabika umeingia nchini upya. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo na kwingine anayesafiri kwa viza, ile viza lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana utaingia ukishuka kwenye ndege, utaingia tena siku ya kugeuza, na utaingia tena mwisho wa kruzi ya pili. Ya mara moja itakukwamisha palepale bandarini na hapo waini itakuwa jambo dogo sana.

La pili ni sheria ya Marekani ya mwaka 1886 kuhusu meli za abiria. Meli iliyosajiliwa nje ya Marekani, na karibu meli zote kubwa za kitalii zimesajiliwa nje, haitakiwi kukubeba kutoka bandari moja ya Marekani ikakushushe bandari nyingine ya Marekani bila kupitia bandari ya mbali ya nchi nyingine. Kruzi mbili za kufuatana kwenye meli ileile zinahesabiwa kama safari moja kwenye hili. Ukiunga Los Angeles mpaka Vancouver alafu Vancouver mpaka Seward kule Alaska, kwa meli moja, umeivunja, maana Vancouver haihesabiwi kuwa ya mbali, japo kila kruzi kivyake ni halali, na faini anapelekewa abiria. Zile za kuanzia na kuishia Fort Lauderdale hazina shida hii, unatoka na kurudi bandari ileile.

Uliza kwa maandishi

Swali la kuwauliza ni moja tu: nina buking mbili za kufuatana, naweza kupanda siku ya kwanza na chupa za kruzi zote mbili, au lazima za pili nizilete siku ya kugeuza? Andika imeili, weka namba zote mbili za buking, na uwaombe wakujibu kwa imeili. Wa simu atakwambia ndiyo ndiyo hakuna shida, lakini yule wa sekyuriti bandarini hamjui huyo wa simu na hatajali alichokwambia. Wapo watu wamepanda siku ya kwanza na chupa za kruzi mbili wakiwa na buking zote mbili zimechapishwa mkononi na wakapitishwa, na wapo waliokataliwa kwenye meli ya kampuni hiyohiyo, inategemea aliyesimama kwenye mashine siku hiyo. Mimi ushauri wangu ni usiitegemee njia hii kama huna jibu la maandishi. Carnival kwa mfano wanasema wazi pombe inayozidi ruhusa inachukuliwa na kumwagwa, hakuna fidia. Chupa ya dola 25 kumwagwa mbele ya macho yako inauma.

Bila jibu la maandishi, panda siku ya kwanza na chupa za kruzi ya kwanza, na za pili uzinunue siku ya kugeuza. Kupanga kwenyewe ndo hivyo, yaliyobaki ni kufanya vizuri.

Chupa gani

Iwe ya 750, iwe imefungwa haijaguswa, na kama unaweza chagua yenye kifuniko cha kuzungusha. Sababu ni rahisi, unaifungua mwenyewe kebini bila kizibuo, na ikibaki nusu unairudishia kifuniko chake inalala salama. Karibu waini yote ya New Zealand inakuja na kifuniko hicho, na ya Afrika Kusini nyingi pia. Hizi za Stellenbosch na Robertson ambazo tumezizoea nyumbani kwenye supamaketi za Nairobi na Dar zinapatikana Marekani ukitafuta maduka makubwa ya waini, ingawa majina mengine utakuta ni tofauti. Kama chupa yako ina koki, yani kizibo cha kuchomoa, mhudumu wa chumba chako akiombwa anakuletea kizibuo au anamwita mtu wa baa akufungulie, kwa hiyo hata hilo lisikutishe. Kizibuo cha kwako kama kina kisu kile kidogo pembeni kinaweza kuzuiwa kwenye mashine, bora kile cha kawaida kisicho na kisu.

Ukitaka kubeba waini ya Dodoma kutoka nyumbani uinywe Caribbean, na mimi nakuunga mkono kabisa, kuna vitu viwili vya kusoma kwenye lebo. Ujazo, maana chupa nyingine si za 750. Alafu asilimia ya kilevi, maana zile tamu nzito zilizoongezwa nguvu sio kila kampuni inazihesabu kama waini ya kawaida, Disney kwa mfano wameandika kabisa waini isiyoongezwa nguvu. Kwenye ndege chupa inaenda kwenye begi la kupakiwa chini, kwa sababu juu hawaruhusu kimiminika kinachozidi mililita 100, na forodha ya Marekani inakusamehe ushuru wa lita moja kwa kila mwenye miaka 21. Ukifika bandarini unafanya kinyume chake: chupa inatoka kwenye begi kubwa inaingia begi la mkononi. Watu wanaotoka airport moja kwa moja mpaka bandarini ndo wanasahau hili, wanamkabidhi mpagazi begi na chupa ikiwa ndani, alafu jioni begi haliji kebini, limezuiliwa chumba cha sekyuriti mpaka mwenyewe aende akalifungue.

Na joto la Florida usilichezee. Waini ikikaa kwenye buti la gari mwezi wa saba masaa mawili inapikika. Chungulia shingo ya chupa, ukiona koki imejisukuma juu kidogo na karatasi ya juu imevimba, au kuna mchirizi wa waini umekauka pembeni, hiyo joto limeshaipita. Nunua siku hiyohiyo ya kupanda au usiku wa kuamkia siku hiyo, iweke chumbani kwenye kiyoyozi.

Siku ya kwanza bandarini

Chupa moja, soksi mbili nene juu yake, alafu ikae katikati ya nguo kwenye begi la mgongoni. Ukifika kwenye mashine ya eksrei usingoje waulize, itoe mwenyewe au sema una chupa moja ya waini. Wanachoangalia ni kama kifungashio kiko sawasawa, maana kuna watu wanamwaga waini wanajaza pombe kali alafu wanaziba upya, kwa hiyo utaona ofisa anaigeuza chupa, anapapasa ile karatasi ya shingoni kwa kidole gumba, anaangalia nyuma ya lebo pale chini palipoandikwa ujazo, anakuuliza mko wangapi. Jibu wazi, onyesha tiketi zenu za kupandia, unapita. Kama mko wawili kila mtu abebe yake kwenye begi lake. Mmoja akibeba mbili na mwenzie yuko nyuma kwenye foleni nyingine unaanza maelezo ambayo hayakuwa na haja.

Hapa niseme kitu kuhusu wasiokunywa, maana familia zetu zimechanganyika. Ruhusa ni ya kila mtu mzima, hata yule asiyekunywa kwa dini yake au kwa uamuzi wake ana haki ya chupa kwenye karatasi, na kuna wajanja wanawabebesha chupa wakwe na mashemeji zao. Usifanye hivyo kama hajakubali mwenyewe kwa moyo wake. Kumtia Muislamu chupa ya pombe kwenye begi lake ili wewe upate glasi tano zaidi ni kumkosea heshima, na safari ya wiki mbili ni ndefu mkiwa mmenuniana. Yeye ana ruhusa yake nyingine: Carnival kwa mfano wanaruhusu makopo 12 ya vinywaji baridi kwa kila mtu kwenye begi la mkononi, na kwa kruzi mbili anaweza kuongeza siku ya kugeuza kama wewe unavyoongeza waini.

Kebini na mezani

Kile kifriji cha kebini usikitegemee sana, nyingi zinapoza tu hazigandishi. Mwombe mhudumu ndoo ya barafu kila jioni, ataizoea saa na utaikuta mezani. Waini nyekundu ilaze kabatini chini, usiiweke kwenye baraza la nje, jua la Caribbean na yale mawimbi ya joto vitaimaliza. Chupa iliyofunguliwa ikifungwa vizuri na kukaa kwenye kifriji inaenda siku tatu mpaka tano ikiwa bado ina ladha.

Ukiamua kulipa kokeji na kuipeleka mgahawani, faida yake ni kwamba mhudumu wa waini haitupi chupa kama hamjaimaliza mezani, anaitia kitambulisho chenye namba ya kebini yako, anaihifadhi, na kesho yake inarudi mezani kwako, hata ukihamia mgahawa mwingine wa meli hiyohiyo unaweza kuomba iletwe. Kwa hiyo chupa moja inaweza kukupa jioni tatu. Lakini sikiliza, usiku wa mwisho wa kruzi ya kwanza lazima umwambie kwa mdomo kwamba wewe unaendelea na kruzi inayofuata. Yeye kwenye orodha yake anaona meli inashusha watu kesho, chupa zilizofunguliwa zinasafishwa. Mwambie, mpe namba ya kebini mpya kama unahama, au imalize usiku huohuo.

Siku ya kugeuza, taratibu

Usiku wa kuamkia siku hiyo, au siku moja kabla, utapata barua kebini inayosema abiria wanaoendelea wakutane wapi saa ngapi. Kwenye bandari za Marekani meli lazima ifike sifuri, yani kila abiria ashuke, hata wewe unayeendelea, ndo waruhusu wapya kupanda. Wanachofanya ni kuwakusanya kwenye ukumbi mmoja, mnasubiri wengine washuke, mnaongozwa chini, mnapita kwa maofisa wa mpaka na pasipoti, mnakaa kidogo kwenye jengo la abiria, alafu mnarudishwa juu mkiwa wa kwanza kabisa na meli nzima iko tupu. Ni raha sana ile saa moja, bwawa lina maji tulivu na hakuna mtu.

Ila ukienda na kundi lile hununui waini, sababu hamtoki nje ya jengo. Wewe unayetaka chupa unachagua njia ya pili: unashuka kivyako asubuhi na abiria wengine, unapita uhamiaji, unatoka mjini, unanunua, unarudi kupanda kama abiria mpya. Hii inaruhusiwa, ila waambie pale mapokezi ya meli siku moja kabla kwamba hutakuwa na kundi, ili wasibaki wanakuita kwenye vipaza sauti. Mkiwa wawili mmoja anaweza kwenda na kundi na mwingine mjini, ila kumbuka yule wa mjini ana ruhusa ya chupa yake moja tu, ya mwenzie hawezi kuibeba bila ugomvi. Bora mtoke wote.

Kabla ya kushuka hakikisha unavyo hivi: pasipoti, kadi mpya ya kruzi ya pili kama wameshakupa au ile kadi ya transiti wanayopewa abiria wanaoendelea, na tiketi ya kupandia ya kruzi ya pili imechapishwa kwenye karatasi. Hiyo karatasi naisisitiza kuliko kitu kingine chochote humu. Ukirudi bandarini na kadi ya zamani shingoni, ofisa wa mashine anakuona kama abiria aliyeshuka kutembea bandarini anarudi na chupa, na chupa za namna hiyo zinachukuliwa na kuwekwa stoo mpaka mwisho wa safari. Ukimwonyesha tiketi yenye tarehe ya leo na jina lako, wewe ni abiria anayepanda leo, na chupa yako ni ya siku ya kupanda. Chupa ni ileile, mtu ni yuleyule, karatasi ndo inabadilisha kila kitu. Fanya chekini ya kruzi ya pili kwenye programu ya simu kabla hujaondoka nyumbani, sio ukiwa melini ambako intaneti ni ya kulipia na inasuasua, na uichapishe hukohuko nyumbani. Akikataa bado, mtulie, mwombe msimamizi, toa ile picha ya skrini ya sheria. Ukipaza sauti hawatakusikiliza.

Kununua: Fort Lauderdale ndo rahisi, kuna Publix pale Harbor Shops karibu na 17th Street, sio mbali na geti la bandari, teksi au Uber ni dakika chache tu. Florida supamaketi zinaruhusiwa kuuza waini na bia, pombe kali ndo ina duka lake pembeni. Miami bandari iko kisiwani lakini daraja ni fupi, kuna Whole Foods katikati ya mji. Port Canaveral inabidi utoke na gari zaidi kidogo. Kama siku ya kugeuza ni Jumapili angalia mapema saa wanayoanza kuuza, miji mingine ina masharti ya asubuhi. Utaulizwa kitambulisho hata kama una mvi, na wewe pasipoti unayo mkononi.

Saa za kurudi zisikupe presha, ukishuka saa mbili au tatu asubuhi una muda wa kutosha kununua, kunywa kahawa, kununua dawa za meno na chochote kilichoisha, na kurudi kabla foleni ya mchana haijawa ndefu. Mlangoni sema wewe ni wa kruzi za mfululizo, bandari nyingi zina mstari wao wa kupita haraka.

Chupa ambayo hukuifungua kruzi ya kwanza ikiwa kebini, na kebini ni ileile, iache hapohapo. Haishuki, haipiti mashine, haihesabiwi na mtu. Kwa hiyo asiyemaliza wiki ya kwanza anaanza wiki ya pili akiwa na ziada kihalali kabisa. Kama unahama kebini, wahudumu wanakuhamishia nguo zikiwa kwenye henga na mabegi uliyofunga, ila chupa zibebe mwenyewe mkononi, au mwachie mhudumu umkabidhi uso kwa uso. Chupa iliyoachwa kwenye kifriji cha kebini ya zamani inaonekana ni ya mtu aliyeondoka.

Chupa ulizonunua njiani

Saint Martin upande wa Wafaransa, pale Marigot, waini ya Ufaransa inauzwa bei nzuri kushinda Florida, na Martinique hivyohivyo. Ukirudi nayo melini, kwa kampuni kama Royal Caribbean na Carnival, itachukuliwa mlangoni, utapewa risiti, utairudishiwa usiku wa mwisho au asubuhi ya kushuka. Sasa kwa mtu wa kruzi mbili hapa pana nafasi nzuri: ikirudishwa usiku wa mwisho wa kruzi ya kwanza, unashuka nayo siku ya kugeuza ukiwa ndani ya lita moja yako ya forodha, na unaweza kupanda nayo tena kama chupa yako ya kruzi ya pili. Hukuhitaji hata kwenda supamaketi. Ila meli nyingine zikiona wewe unaendelea zinaishikilia mpaka mwisho wa kruzi ya pili, kwa hiyo ukipewa risiti mwambie palepale kwamba unaitaka mwisho wa hii ya kwanza, na asubuhi ya mwisho nenda dawatini na risiti usisubiri iletwe. Rom ya Jamaica au Barbados haiingii kwenye mpango huu, pombe kali inakaa stoo mpaka unakwenda nyumbani.

Wanaobadilisha meli, yani kruzi ya kwanza meli moja na ya pili nyingine bandari hiyohiyo, wao ni rahisi zaidi kwa upande wa karatasi maana hakuna atakayebisha kwamba ni safari mpya. Unashuka na mizigo yako yote, chupa ambayo hukuifungua inaingia begi la mkononi, begi kubwa unampa mpagazi wa meli ya pili.

Ulaya nako watu wanauliza. Meli nyingi za Mediterania zinapandisha watu bandari zaidi ya moja, Barcelona leo, Civitavecchia kesho kutwa, kwa hiyo hakuna ile ya kufika sifuri na mara nyingi unaruhusiwa kubaki melini siku ya kugeuza. Ukitaka chupa yako ya kruzi ya pili lazima ushuke mwenyewe na urudi na tiketi, kama nilivyosema kwa Florida. Umri wa kunywa kwenye kruzi za Royal Caribbean zinazoanzia huko ni miaka 18, kwa hiyo kijana wa miaka 19 ambaye Miami hakuwa na ruhusa ya chupa, Barcelona anayo.

Mwisho wa kruzi ya pili, iliyofunguliwa imalize au iache. Iliyofungwa, kama unapanda ndege siku hiyohiyo, ihamishie kwenye begi kubwa hukohuko kebini usiku kabla hujaliweka mlangoni likachukuliwe, uifunge na nguo chafu pande zote na mfuko wa plastiki juu, maana asubuhi ukishuka begi liko chini bandarini tayari na airport hutakuwa na nafasi ya kulifungua sakafuni huku foleni inasogea.